Kumbashiri mtoto atakayeweweseka baada ya nusu kaputi

Mwaka 2017 madaktari wa usingizi nchini Japani walichapisha kipimo cha kubashiri ni mtoto gani atazinduka akiweweseka baada ya upasuaji. Mtoto wa namna hiyo hupiga mateke na mayowe, na akiitwa na mama yake ni kama hamjui. Kwa kawaida hali hupoa yenyewe, lakini dakika chache zinamtosha kuchomoa dripu au kutonesha kidonda.

Ubashiri huanza na kutenganisha kuweweseka na kilio cha maumivu. Kipimo cha PAED, kilichotolewa na Nancy Sikich na Jerrold Lerman mwaka 2004, huuliza mambo matano: je, mtoto anamtazama anayemhudumia? Matendo yake yana lengo? Anatambua alipo? Anahangaika? Habembelezeki? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 4. Mtoto mwenye maumivu hulia huku akinyoosha mikono abebwe. Anayeweweseka, macho yake hayatui kwa mtu.

Kwa kipimo chao cha ubashiri, Wajapani walikusanya viashiria vinne: umri, aina ya upasuaji, muda wa nusu kaputi, na tabia ya mtoto anapowekewa barakoa ya gesi. Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo alama zinavyopanda. Kutolewa mafindofindo au kurekebishwa makengeza huziongeza, na anayepigana na barakoa huzidi aliyetulia. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakihitaji mashine wala maabara.

Kilipojaribiwa kwa kundi jingine la watoto, kiliwanasa takriban 87 kati ya kila 100 walioweweseka. Ila kati ya kila 100 ambao hawakuweweseka, 39 hivi nao walihesabiwa kuwa hatarini. Kwa hiyo alama kubwa ziamshe kwanza hatua zisizo na madhara: dripu ifungwe imara, muuguzi akae karibu, mzazi aitwe mapema. Dawa kama propofoli au deksimedetomidini husaidia, lakini zinaweza kuchelewesha kuzinduka, hivyo daktari apime faida na gharama.

Kuna pengo moja kubwa. Tabia ya mtoto mbele ya barakoa huonekana akiwa tayari mezani, wakati nafasi ya kumwondolea hofu imeshapita. Kwa hiyo kumwandaa mtoto kusisubiri alama: kila mtoto aelezwe kitakachofanyika, aizoee barakoa mapema, na mzazi aambiwe kabla ya upasuaji kwamba mwanawe anaweza kuzinduka akiweweseka.