Maelezo ya Zana ya Barua Pepe kwa Mawakala wa Akili Mnemba

Zana ya kutuma barua pepe ni programu ndogo inayopokea anwani, kichwa cha barua na matini, kisha kuvikabidhi kwa seva. Mtu akiitumia, vitufe na visanduku vya kwenye kioo humwongoza. Wakala wa akili mnemba hana kioo. Anachokiona ni maelezo tu. Katika Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, msingi wa maelezo hayo ni jina la zana, ufafanuzi wa kazi yake kwa maneno, na skima inayotaja kila kigezo na aina yake. Modeli ya lugha huyasoma, hupima ombi la mtu, kisha huamua kama itatuma na itajaza nini.

Fundi asipoelewa maelezo huuliza. Wakala mara nyingi hukisia, na ukisio wake huandikwa kwa ufasaha uleule wa jambo la hakika. Kazi ya mwandishi wa maelezo, basi, ni kutafuta mahali ambapo ukisio utamgharimu mtu, apazibe mapema.

Mfano ni chama cha wakulima wa mboga wilayani Lushoto kinachotaka wakala awajulishe wanunuzi wa Tanga na Kariakoo mzigo utakaposhuka. Nyanya zikishapakiwa kwenye matenga na lori likateremka kutoka Lukozi hadi Mombo, haziwezi kungoja barua iliyokosea saa.

Na saa ndilo shimo la kwanza. Mkulima akisema barua itoke kesho saa mbili asubuhi, anakusudia 08:00, kwa kuwa saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo. Modeli iliyolelewa zaidi na Kiingereza yaweza kuandika 02:00, ambayo kwa mkulima ni saa nane usiku. Kigezo kilichofafanuliwa kwa maneno "muda wa kutuma" pekee hakiizuii. Tarehe nayo ina mtego wake: 04/05 ni 4 Mei kwa Mtanzania na 5 Aprili kwa Mmarekani. Ufafanuzi unaofaa hudai tarehe na saa ziandikwe kwa muundo wa kiwango cha RFC 3339 ukiwa na ukanda wa saa, mathalani 2026-03-04T08:00:00+03:00. Huongeza pia kwamba saa za Kiswahili zigeuzwe kwa tofauti ya saa sita, na kwamba ombi lisilotaja asubuhi wala usiku lirudishwe kwa mwombaji aulizwe. Sentensi hizo mbili zina thamani zaidi kuliko ukurasa mzima wa sifa za zana.

Shimo la pili ni anwani. Katika milima ya Usambara, iliko Lushoto, majina mengi ya ukoo huanza na She-, na chama kimoja huweza kuwa na watu kadhaa wa jina lilelile. Maelezo yaseme wazi kwamba anwani huchukuliwa kwenye orodha iliyohifadhiwa, haiundwi kutokana na jina. Yaeleze pia kwamba wanunuzi kumi wakiwekwa pamoja katika sehemu ya mpokeaji, kila mmoja ataziona anwani za wenzake. Hilo si suala la adabu tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023.

Majibu ya zana husahaulika zaidi kuliko vigezo. Itifaki ya kusafirisha barua pepe, SMTP, iliyoandikwa na Jonathan Postel katika RFC 821 mwaka 1982 na kuhuishwa katika RFC 5321 mwaka 2008, hutoa msimbo 250 pale seva inapoipokea barua na kubeba jukumu la kuifikisha. Haisemi kwamba barua imesomwa. Zana ikirudisha neno "imefika", wakala atamhakikishia mkulima jambo ambalo halijathibitika. Neno la haki ni "imepokelewa na seva". Misimbo inayoanza na 4 ni ya kikwazo cha muda, barua ijaribiwe tena baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa, na kurudia hakufai.

Mtandao ukikatika milimani baada ya barua kutoka lakini kabla ya jibu kurudi, wakala ataituma upya, na mnunuzi atadhani ni mizigo miwili. Dawa yake ni ufunguo wa pekee kwa kila barua: seva ikiuona tena ufunguo uleule hurudisha jibu la kwanza bila kutuma. Maelezo yasipoagiza ufunguo uleule utumike katika kila jaribio, wakala hutunga mpya na kinga yote hupotea.

Usalama hauwezi kuachiwa maneno. Barua inayoingia yaweza kubeba amri ya kumlaghai wakala atume orodha ya bei kwingine. Maelezo yamwonye, lakini kikomo cha wapokeaji kiwekwe ndani ya programu yenyewe. Septemba 2025 kampuni ya Koi Security ilifichua kifurushi cha programu kilichoitwa postmark-mcp, ambacho Postmark, huduma ya kutuma barua pepe, yenyewe haikukitoa: mstari mmoja wa msimbo ulipeleka nakala ya siri ya kila barua kwa mtu wa nje. Maelezo hayakuutaja.

Maelezo hupimwa kwa kumpa wakala ombi halisi, "mtumie mnunuzi wa Kariakoo bei ya kabichi kesho saa moja asubuhi", kisha kukagua alichojaza kabla barua haijatoka. Akiandika 01:00, maelezo hayajakamilika.