Kumvusha Kuku Majira ya Baridi

Jogoo wa Leghorn ana upanga mrefu wenye meno, mwekundu, na hapiti uani bila kuutikisa. Asili yake ni Italia, ambako urembo huo haukumgharimu kitu. Mpeleke Quebec, Kanada, mwezi wa Januari, usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, na upanga uleule unamponza. Hauna manyoya, na damu huufikia kwa mishipa myembamba. Baridi ikizidi, mwili huibana mishipa hiyo ili joto libaki kifuani na tumboni. Ncha zikikosa damu, maji yaliyo ndani ya nyama huganda. Ndevu za chini ya mdomo na vidole hupatwa na hayohayo.

Ninawastahi sana wafugaji wa kule, wenye kuku sita au kumi nyuma ya nyumba, kwa sababu kazi yao ikifanyika vizuri hakuna cha kuonyesha. Kuku wanaamka, wanakula, basi.

Kwanza wana macho. Asubuhi mfugaji humshika jogoo, akapapasa upanga kwa kidole kitupu: je, ni laini, au umekakamaa na kupoa? Nyama iliyoganda hupauka, ikawa nyeupe au kijivu. Ikishayeyuka huvimba, pengine ikatoa malengelenge, na baada ya siku kadhaa ncha hugeuka nyeusi na kukauka. Kwetu Afrika Mashariki weusi juu ya upanga humkumbusha mfugaji ndui ya kuku, na mtu asiyezoea angeweza kuvichanganya. Aliyezoea hutazama mahali. Baridi hula kuanzia ncha, mbali kabisa na mwili. Vipele vya ndui huota ovyoovyo, hadi kando ya macho na mdomo. Upanga wote ukiwa na rangi ya zambarau, hapo tafuta maradhi mengine, na upesi.

Lakini ustadi hasa uko bandani, na ndiyo sehemu inayonivutia zaidi. Mgeni akiona theluji huziba kila tundu, akidhani anawahifadhi kuku. Kumbe anawaumiza. Kuku hupumua usiku kucha na kinyesi chake kina maji mengi; unyevu huo usipopata pa kutokea hutua juu ya upanga na kuganda. Kwa hiyo fundi huacha matundu juu, chini kidogo ya paa, ili hewa yenye unyevu ipande na kutoka bila upepo kuwapiga waliolala. Halafu hupima kwa njia ambazo hazina bei: akikuta vioo vya dirisha vimetanda umande au barafu kwa ndani, matundu hayatoshi; harufu ya kinyesi ikimwasha pua, maranda yanataka kubadilishwa. Chombo cha maji hakilali ndani. Kichanja ni ubao bapa, upande mpana ukiwa juu, ili kuku akilalia miguu yake manyoya ya kifua yafunike vidole vyote. Kwenye ufito mwembamba vidole huukumbatia, na ncha zake hubaki nje.

Taa ya joto? Wengi wao hawaitaki, nami nawaunga mkono. Ikianguka juu ya maranda makavu, banda lote linaungua.

Na kuku akishadhurika, mkono unaojua hauna haraka. Humwingiza mahali pa joto la wastani, akahakikisha hatarudi kwenye baridi usiku uleule, kwani nyama iliyoyeyuka ikaganda tena huharibika zaidi. Miguu huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, si ya moto. Hasugui, hapulizii hewa ya moto, hatumbui malengelenge. Ile ncha nyeusi haikatwi: inafunika nyama inayopona chini yake, na baada ya wiki kadhaa hudondoka yenyewe. Ikitoa usaha au kunuka, ni zamu ya daktari wa mifugo. Meno ya upanga yaliyokufa hayaoti tena, na jogoo aliyeumizwa vibaya na baridi anaweza kukaa kwa muda bila kurutubisha mayai.

Yupo aliyelishughulikia jambo hili kwa damu badala ya mbao. Wilfrid Châtelain, mtawa wa Kitrapisti wa abasia ya Oka, karibu na Montréal, alitumia miaka mingi kuwachanganya Leghorn, Cornish, Rhode Island Red, Wyandotte na Plymouth Rock. Mwaka 1918 alimtoa hadharani kuku aitwaye Chantecler, na mwaka 1921 akaingizwa kwenye orodha ya aina rasmi za kuku Marekani. Upanga wake ni mdogo, umelala bapa kichwani; ndevu karibu hazionekani; na hutaga hata theluji ikiwa imetanda. Hata hivyo ana vidole kama kuku wengine, na akilazwa kwenye banda lenye unyevu anaweza kuvipoteza.