Mahali pa Kuanzia Kusoma Hadithi za Mashujaa

Miongoni mwa maandishi ambayo vijana husoma bila kuamrishwa, machache yamependwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja kama hadithi za mashujaa zielezwazo kwa picha. Asili yake ni Marekani. Mashujaa wake wana nguvu zipitazo kadiri ya wanadamu: mmoja huruka pasipo mbawa, wa pili hupanda kuta kama buibui, wa tatu huita mvua ikanyesha. Wazipendao husema ni tamu. Wazilaumuo husema ni upotevu wa wakati. Kati ya makundi haya mawili husimama mtu ambaye hajazisoma na angependa kujaribu, lakini hajui aanzie wapi. Insha hii ni kwa ajili yake. Swali lake laonekana dogo, lakini mtu aanzaye vibaya huacha upesi, na aachaye upesi huenda asirudi tena kusoma kitu kwa hiari yake.

Sina budi kuungama kosa langu kwanza. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya ualimu, nilimkuta mvulana wa kidato cha pili akisoma kitabu cha namna hiyo chini ya dawati. Kilikuwa hakina jalada, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Nilikichukua nikakifungia kabatini. Aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, utakisoma?" Nilimjibu kwamba sikuwa na wakati wa mambo ya kitoto. Muhula ule wote sikumwona tena na kitabu mkononi, isipokuwa vile vya mtihani. Wakati wa likizo nilifungua kabati, nikakisoma, nisikielewe. Kilikuwa sehemu ya tatu ya kisa chenye sehemu sita. Kumbe mvulana yule alikuwa akisoma kisa kisicho kichwa wala mkia, na hata hivyo alikipenda kiasi cha kukificha! Nilitambua kwamba nilihukumu nisilolijua. Tena nilitambua kuwa alihitaji mtu wa kumwonyesha mwanzo, naye akampata mtu wa kumfungia mlango.

Kosa langu si geni. Shujaa wa kwanza wa aina hii, Superman, alitokea katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938. Walimbuni vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wana wa wahamiaji wa Kiyahudi. Waliuza haki zote za shujaa wao kwa dola 130. Batman akafuata mwaka 1939. Hadithi hizi zilienea mno, na hofu ya wazazi ikaenea pamoja nazo. Mwaka 1954 daktari mmoja wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kwamba vitabu vya picha huharibu watoto. Mwaka huo huo Baraza la Seneti la Marekani lilifanya uchunguzi wa jambo hilo, na wachapishaji wakajitungia kanuni za kuchuja kazi zao kabla hawajachujwa na wengine. Hapana shaka vilikuwako vitabu vilivyostahili lawama. Lakini lawama iliangukia vyote, kwa kuwa walaumuo wengi hawakuvisoma kwa makini.

Ugumu wa mgeni watokana na umri na wingi wa hadithi hizi. Riwaya huandikwa na mtu mmoja, ikaisha. Superman ameandikwa na watu wengi kwa miaka zaidi ya 80, wala hajaisha. Shujaa mmoja huingia katika kisa cha mwingine. Afaye leo hufufuka kesho. Aliyekuwa kijana zamani ni kijana hata sasa. Mambo yalipotatanika kupita kiasi, kampuni ya DC ilitoa mwaka 1985 na 1986 kisa cha sehemu 12, Crisis on Infinite Earths, ambamo dunia nyingi za hadithi zake zilivunjwa ikabaki moja. Ikiwa wenye mali walipotea njia ndani ya mali yao, mgeni afanyeje?

Wageni wengi hudhani kwamba lazima waanze na toleo la kwanza la mwaka 1938 na kufuata moja baada ya jingine. Dhana hii haifai. Matoleo yale ya kale yana thamani kwa mwanahistoria, lakini michoro yake ni ya haraka na visa vyake ni vyepesi. Mwenye kiu haendi kutafuta chemchemi ya mto milimani. Hutafuta mahali ambapo ukingo ni mteremko akateka maji. Mgeni na achague kitabu kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni kwamba kisa kiwe kizima, chenye mwanzo na mwisho, sehemu zake zote zimejalidiwa pamoja. Kipimo cha pili ni kwamba shujaa akutane na jambo ambalo nguvu zake haziwezi kulitenda.

Kipimo cha pili chataka maelezo. Mwenye nguvu akimshinda dhaifu, hapo hapana hadithi. Kuna habari tu. Wazee wetu walilijua hili. Fumo Liyongo wa pwani hasimuliwi kwa ajili ya nguvu zake peke yake, bali kwa sababu ya sindano ya shaba na mwana aliyemsaliti. Lwanda Magere wa Wajaluo hakumbukwi kwa mwili wake wa jiwe tu, bali kwa kivuli chake kilichochomwa mkuki. Msomaji aliyekua akisikia visa hivi anacho kipimo tayari. Hana haja ya kukiazima Marekani.

Kwa vipimo hivyo, mahali pepesi pa kuanzia ni kisa cha kwanza cha Spider-Man, kilichotolewa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962 katika toleo la 15 la Amazing Fantasy. Kina kurasa 11 tu. Peter Parker, mwanafunzi mnyonge adharauliwaye na wenzake, anaumwa na buibui, anapata nguvu, na anazitumia kutafuta fedha na sifa. Mwizi anapita mbele yake, naye hamzuii. Aona si kazi yake. Baadaye mwizi yule yule anamwua mjomba aliyemlea. Angalia namna kisa kilivyojengwa. Kijana hakushindwa kwa kukosa nguvu. Alishindwa kwa kukosa nia. Nguvu zote alizo nazo haziwezi kurudisha saa moja iliyopita. Michoro ya Ditko haina urembo, na maneno mengine yamechakaa, lakini riwaya nyingi nene hazikufika mahali ambapo kurasa hizi 11 zimefika.

Kwa wasichana, na kwa yeyote aliyewahi kutamani kuwa mtu mwingine, ninapendekeza Ms. Marvel iliyoanza mwaka 2014. Mwandishi ni G. Willow Wilson na mchoraji ni Adrian Alphona. Kamala Khan ni msichana Mwislamu wa Jersey City, mwana wa wazazi waliotoka Pakistani. Apatapo nguvu za kugeuka umbo, jambo la kwanza atendalo ni kugeuka mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, mfano wa shujaa ampendaye. Punde anagundua kwamba nywele zile zamsumbua machoni na viatu vyabana. Hapa mwandishi amesema jambo kubwa kwa njia ya kuchekesha. Nguvu zaweza kumpa Kamala sura yoyote, lakini haziwezi kumfanya aridhike na isiyo yake. Nyumbani mwake mna sala, mna chakula cha kwao, mna baba mwenye hofu na kaka mwenye msimamo, na hakuna kati yao aliyefanywa kichekesho. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huu kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Msomaji wa Mombasa au Garissa ataona humo mengi ayajuayo.

Kwa wasomaji wa kidato cha tatu na kuendelea ipo Batman: Year One ya Frank Miller na David Mazzucchelli, ya mwaka 1987, yenye sehemu nne. Nasema kidato cha tatu kwa kuwa mna ukatili na maisha ya uasherati wa mjini, na mwalimu afanya vema akisoma kwanza. Kisa chenda kwa tarehe za mwaka mmoja. Batman atokapo usiku wa kwanza hashindi. Arudi nyumbani akivuja damu. Lakini mtu wa kumtazama zaidi ni James Gordon, polisi mwaminifu aliyehamishiwa mji ambao mkuu wa polisi ni mla rushwa. Wenzake wampiga kwa sababu hataki kula pamoja nao. Yeye hana nguvu za ajabu, na kwa maoni yangu ndiye shujaa wa kitabu hiki. Msomaji wa nchi yoyote ambamo rushwa yajulikana hatahitaji kufasiriwa.

Atakaye kumjua Superman na aende kwa All-Star Superman ya Grant Morrison na Frank Quitely, sehemu 12, iliyotolewa kati ya mwaka 2005 na 2008. Ukurasa wa kwanza waeleza asili yote ya shujaa kwa picha nne na maneno manane. Mgeni hahitaji kujua zaidi. Kisha twaambiwa kwamba Superman, katika kuwaokoa watu waliokaribia jua, amepokea nguvu nyingi kuliko mwili wake uwezavyo kustahimili, na kwamba atakufa. Swali la kitabu ni namna mwenye uwezo wa kila kitu atakavyotumia siku zake zilizobaki. Sehemu iliyo bora ni fupi mno: msichana amesimama ukingoni mwa jengo refu akitaka kujirusha, na Superman asimama nyuma yake, asema naye kwa upole, amkumbatia. Hapigi mtu. Kitabu hiki kina matata yake, kwani mwandishi hupenda kurukaruka, lakini atakayefika mwisho hatajuta.

Kenya nayo imo katika hadithi hizi. Mwaka 1975, Len Wein na Dave Cockrum walimtoa Storm, mwanamke atawalaye mvua na upepo, katika Giant-Size X-Men. Mama yake ni wa Kenya. Utotoni alifukiwa na kifusi huko Cairo pamoja na maiti ya mama huyo, na tangu hapo yeye aitaye tufani huogopa chumba kilichofungwa. Kwa kipimo chetu cha pili, hapa pana hadithi ya kweli. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kunyamazia dosari kwa sababu ya kusifiwa kwao. Kenya ya kurasa zile ni nchi ya nyasi na ukame, na watu wake humwendea Storm kwa magoti kama mungu ili wapate mvua. Mwaka huo Kenya ilikuwa na miaka 12 ya uhuru, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimekwisha fungua milango yake. Waandishi walichora nchi wasiyoijua. Black Panther, mfalme wa Wakanda, aliyetokea mwaka 1966, alitendewa heri zaidi, kwa kuwa nchi yake ilipewa elimu na mitambo. Wengi wetu tulimjua kwa filamu ya mwaka 2018, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza. Kitabu chake cha mwaka 2016, kilichoandikwa na Ta-Nehisi Coates, chauliza kama mfalme mwema apaswa kutawala peke yake. Swali ni zuri, lakini mwendo ni mzito. Mgeni asianze nacho, wala asikikose baadaye.

Kipo kitabu kimoja ambacho wajuzi hupenda kumpa mgeni, nami namshauri asikipokee bado. Ni Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons, ya mwaka 1986 na 1987. Ubora wake siukanushi. Lakini ni kitabu kinachowahukumu mashujaa wote, na mtu hawezi kuifuata hukumu ya kesi ambayo hakusikia ushahidi wake. Asome kwanza mashujaa, ndipo asome hakimu wao.

Lililobaki ni la matumizi. Ununuapo kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, tazama kama ulichoshika ni toleo moja au ni kisa kizima. Usomapo, tazama picha kabla ya maneno yake. Mchoraji mwema huacha jambo kati ya picha na picha ili msomaji alitimize mwenyewe. Arukaye picha akasoma maneno tu amesoma nusu. Na ukichoka na kitabu, kiweke chini bila aibu, ujaribu kingine.

Yule mvulana nilimrudishia kitabu chake muhula uliofuata, pamoja na sehemu nyingine tano nilizozitafuta mjini. Alishukuru, akaondoka bila kuzifungua mbele yangu. Baada ya wiki mbili alikuja ofisini kuuliza kama mimi nilifika mwisho, na kama nilikubali ulivyokuwa. Nilikuwa sikuukubali. Tulibishana mpaka kengele ikalia, na katika ubishi ule alitoa sababu bora kuliko zote alizopata kuandika katika insha zake za darasani.

Kwa hivyo, ewe mgeni, anza na kisa kizima, tena ambacho shujaa wake ana jambo asiloliweza. Nawe mwalimu mwenzangu, kabla hujafunga kabati, soma.