Alama ya Tairi Kwenye Mteremko wa Morningside

Waendesha baiskeli za milimani wana imani moja inayotoka kwa wakongwe kwenda kwa wageni: asiyeanguka hajajifunza. Mara nyingi inasemwa kwa kicheko, msemaji akionyesha goti lililochubuka. Mimi naikubali nusu. Kuanguka kunamwonyesha mtu kwamba ardhi ni ngumu na kumwachia hofu ya kona fulani, lakini hakumwambii kwa nini alianguka. Hilo linahitaji kazi ya ziada, na kazi hiyo hufanywa kwa miguu, kwa kuukagua udongo kabla wapita njia hawajazifuta alama.

Mteremko wa kutoka Morningside, kwenye Milima ya Uluguru, kurudi mjini Morogoro ni mahali pazuri pa kuionyesha kazi hiyo. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kilicho juu yake kinapita mita 2,100. Hakuna vilima vya katikati vya kumzoesha mtu. Nyumba zikiisha, mlima umeanza. Barabara ni ya vumbi na mawe, mvua imeichimba mifereji, na huku na huku inakatwa na njia za miguu ambazo Waluguru hushukia na mboga na ndizi kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu.

Njia hizo za miguu ndizo zinazowavutia waendesha baiskeli, na ndizo zinazowaangusha. Wajenzi wa njia za baiskeli katika nchi zenye mchezo huo wana kanuni yao: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima inapopita, na wastani wake ukae karibu na asilimia 10. Njia za hapa hazifuati kanuni hiyo: mama mwenye tenga kichwani hana sababu ya kuuzunguka mlima mara tatu ili baiskeli ya mtu ipate raha. Anashuka kwa mkato, na maji ya masika yanamfuata nyayoni. Matokeo yake ni njia nyembamba, yenye mwinamo mkali, iliyochimbika katikati, na udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao ukikauka unakuwa mgumu, huku juu yake zikikaa changarawe za mawe meupe zilizolegea pamoja na chembe za ulanga zinazometameta. Upande wa mashariki, kuelekea Kinole na Matombo, ambako upepo wa Bahari ya Hindi hushusha mvua zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, shida si changarawe bali utelezi na mizizi. Aliyejifunza mshiko wa tairi upande wa mjini asidhani ameshaujua Uluguru wote.

Sasa tuuchukue mwanguko mmoja wa kawaida, ule wa kwenye kona ya kulia inayozidi kujikunja kadiri unavyoiingia. Mtu yuko chini, baiskeli imelala upande wa bondeni. Ukishahakikisha kwamba anajua jina lake, anasogeza shingo bila maumivu na hatoki damu nyingi, rudi nyuma hatua kwa hatua, ukianzia alipoangukia. Hapo utakuta mburuzo mpana wa nguo na ngozi. Mita moja au mbili nyuma yake kuna mstari mwembamba uliopinda kwenda nje ya kona: gurudumu la mbele lilikuwa limegeuzwa kulia, lakini lilikuwa linaserereka kushoto. Nyuma zaidi kuna mkwaruzo mrefu ulionyooka, meno ya tairi yakiwa yamefutika kabisa, na hilo ni gurudumu la nyuma lililofungwa na breki likawa linaburutwa. Ukipanda zaidi, kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona, utakuta chapa safi za meno ya tairi, zimejipanga vizuri, bila dalili yoyote kwamba mtu huyu alikuwa na wasiwasi.

Chapa hizo safi ndizo zenye jibu. Mwendeshaji atakuambia alianguka kwa sababu ya changarawe, na changarawe kweli zipo. Lakini zilikuwepo pia kwa waliopita salama. Alichokifanya ni kuutumia mnyoofu kufurahia mwendo, kisha akakumbuka breki akiwa ndani ya kona.

Mshiko wa tairi ni kama mshahara mmoja unaolipa kodi ya nyumba na chakula. Tairi ina kiasi chake cha kung'ang'ania udongo, na kiasi hicho kinagawanywa kati ya kupunguza mwendo na kugeuza uelekeo. Ukikitumia chote kwenye breki, hakuna kinachobaki cha kugeuzia, na baiskeli inaendelea ilikokuwa inakwenda hata kama usukani umeukunja. Ndiyo maana mstari ule mwembamba ulitoka nje ya kona. Tairi ya mbele haikukosa mshiko kabisa. Iliombwa mambo mawili kwa wakati mmoja.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kilomita 30 kwa saa unasafiri zaidi ya mita 8 kila sekunde. Kwenye tambarare yenye mshiko mzuri, breki zote mbili zikifanya kazi sawasawa, baiskeli inaweza kusimama ndani ya mita 7 hivi. Kwenye mwinamo wa asilimia 20 umbali huo unakaribia mita 12, kwa kuwa sehemu ya nguvu ya breki inaishia kushindana na mlima kabla haijaanza kukupunguzia mwendo. Ongeza sekunde moja ya kushtuka na kukaza vidole, tayari unazungumzia mita 20, na kwenye njia za Morningside ni nadra kuona mita 20 mbele yako. Punguza mwendo hadi kilomita 15 kwa saa na hesabu nzima, pamoja na sekunde ya kushtuka, inaingia kwenye mita 7. Nusu ya mwendo imekupunguzia karibu theluthi mbili ya umbali. Na hapo nimekadiria udongo mkavu, mgumu, usio na changarawe.

Kuna ushauri ambao karibu kila mtoto wa Tanzania aliyejifunza baiskeli ameusikia: usishike breki ya mbele, itakurusha. Ushauri huu una ukweli na una mahali ulikotoka, na nadhani ndio unaowaangusha wengi Uluguru kuliko changarawe.

Mtazame mbeba ndizi anayeingia mjini na baiskeli ya Phoenix. Mikungu iko nyuma, imefungwa kwa mipira, uzito wote umekandamiza gurudumu la nyuma. Breki zake ni za fimbo, zinazoivuta mipira ibane rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa zinakuwa za kubembeleza tu. Kwa baiskeli ya namna hiyo breki ya nyuma ndiyo yenye uzito wa kufanyia kazi, na ya mbele, juu ya gurudumu lililo jepesi, inaweza kuutelezesha usukani. Mteremko ukizidi, huyu bwana hashindani nao: anashuka chini, anaishikilia baiskeli kwa mikono na kutembea nayo. Waendeshaji wa chukudu kule Goma, wale wenye baiskeli za mbao zisizo na pedali, nao hupunguza mwendo kwa kukanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma. Kwenye chombo chenye mzigo mzito, hekima hiyo imekaa vizuri.

Baiskeli ya milimani haina mkungu nyuma. Ina mtu mmoja, na mtu huyo akishuka mlima uzito wake unasogea mbele. Akifunga breki, unasogea mbele zaidi. Gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linafungwa kwa mguso mdogo, na likishafungwa linaburutwa bila kusimamisha chochote. Huo ndio mkwaruzo mrefu tuliouona. Mwendeshaji anayeiogopa breki ya mbele anajinyima breki yake yenye nguvu, kisha anapofika konani na kuona ya nyuma haisaidii, anaibana ya mbele yote kwa mkupuo, mahali pabaya kuliko pote.

Hofu ya kurushwa yenyewe ina msingi. Kwenye tambarare, mtu aliyekaa kawaida anaanza kupinduka breki ya mbele inapompunguzia mwendo kwa kiasi kinachozidi kidogo nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwenye mwinamo wa asilimia 20 kiasi hicho kinashuka hadi theluthi moja hivi. Kinachobadilika ni mahali uzito ulipo ukilinganisha na gurudumu la mbele, kwa hiyo dawa iko mwilini: siti ishushwe kabla ya kuanza kuteremka, makalio yarudi nyuma na chini, visigino vishuke, mikono ilegee kwenye viwiko, na breki ya mbele ibanwe taratibu kwa kidole kimoja au viwili. Kuibana taratibu kunaipa tairi nafasi ya kupokea uzito kabla ya kudaiwa kazi. Siti iliyoachwa juu inakuzuia kurudi nyuma hata kama unajua unachotakiwa kufanya. Nikimwona mtu anaanza mteremko siti ikiwa kwenye kimo cha kupandia, sihitaji kungoja kona.

Mikono yote miwili kwenye usukani ni somo linaloonekana la kitoto mpaka umkumbuke Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu na baadaye akashinda Tour de France mara 4. Tarehe 12 Juni 2019, akikagua njia ya mashindano mjini Roanne, Ufaransa, alitoa mkono mmoja ili apenge kamasi. Upepo ukalipiga gurudumu la mbele na akagonga ukuta akiwa na mwendo wa kilomita 54 hivi kwa saa. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu, na hakurudi tena kwenye kiwango chake cha zamani. Ilikuwa barabara ya lami. Kwenye njia ya mawe, jiwe dogo tu linatosha kufanya kazi ya ule upepo.

Na hapa ndipo ile imani ya kwamba kuanguka ni shule inaponikera. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani na mmoja wa waliofungua mlango kwa waendeshaji wa Afrika Mashariki katika mbio za barabara za changarawe, alianguka akiwa kwenye mwendo mkubwa katika mbio za Vermont Overland nchini Marekani tarehe 27 Agosti 2022, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Alijua kuendesha kuliko karibu kila anayeisoma makala hii. Simulizi za kuanguka tunazozisikia kijiweni ni za walioinuka. Wasioinuka hawako pale kutoa maoni yao kuhusu shule hiyo.

Mwili nao una namna zake za kuanguka. Silika ya kila binadamu ni kunyoosha mkono kuipokea ardhi. Mkono ulionyooka hupeleka pigo juu, na kati ya mifupa inayovunjika mara nyingi ni mtulinga, ule wa kati ya bega na kidari. Wanaofundisha mchezo huu husisitiza kukunja mikono, kuingiza kidevu kifuani na kubiringika kwa bega, jambo linalowezekana tu kama limezoezwa kwenye nyasi. Kuna mfupa mwingine wa kuuogopa kwa sababu ya upole wake: mfupa mdogo wa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Ukipasuka, mtu anaweza bado kushika kikombe na kudhani ameteguka tu. Picha ya kwanza ya eksirei inaweza isiuonyeshe ufa, na kwa kuwa damu huufikia mfupa huo kwa shida, ukiachwa unaweza usiunge. Maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba yanatosha kumrudisha mtu hospitali baada ya wiki moja au mbili, hata kama aliambiwa hana kitu.

Kichwa ni habari fupi. Helmeti ni povu gumu linalokubali kupondeka ili pigo lisilifikie fuvu likiwa zima. Likishapondeka mara moja, kazi yake imekwisha, hata kama ganda la nje halina ufa. Kwa hiyo helmeti ya mtumba, hata ikiwa nzuri kwa macho na rahisi kwa bei, inakuja na historia usiyoijua. Na aliyegonga kichwa akawa anauliza swali lilelile mara mbili hapandi tena baiskeli siku hiyo, atake asitake.

Jambo moja haliko kwenye vitabu vya mchezo. Asubuhi, wakati njia za Morningside zimejaa watu wenye mizigo, mwendeshaji si mwenye njia. Mwenye tenga la kabeji hana namna ya kuruka pembeni, na kona isiyoonekana mwisho wake ipitwe kwa mwendo wa kumkuta mtu katikati yake. Ndani ya msitu kuna taratibu nyingine: Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ina vibali vyake, na njia ya kupanda vilele si mahali pa kwenda kujaribu breki.

Turudi kwa yule wetu, ambaye ameshapanguswa vumbi. Kabla hajapanda, inuliwe baiskeli na kila gurudumu lizungushwe: diski iliyopinda itajitangaza kwa kugusa pedi kila mzunguko, na usukani uliokwenda upande unyooshwe na kukazwa boliti zake. Kisha arudi juu kwa miguu mpaka kwenye zile chapa safi za tairi, achague jiwe au mzizi ulio mita chache kabla ya kona kuanza, na akubaliane na nafsi yake kwamba hapo breki kubwa iwe imekwisha. Ashuke mara ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kuanzia pale kwenye jiwe macho yaangalie anakokwenda, si changarawe zilizomwangusha, kwa kuwa baiskeli hufuata macho. Akilifikia jiwe lile vidole vikiwa bado vimekaza breki, mwendo ulikuwa mkubwa tangu juu, na pa kurekebishia ni juu kulekule, kwenye mnyoofu.