Mpime Aliyebaki

Ukitaka kujua uzito wa riwaya ya mwenza aliyetoweka, usianze na aliyetoweka. Huyo hayupo, na mwandishi yeyote anaweza kumjaza siri atakazo: nyumba ndogo, madeni, dhahabu ya Geita. Mtazame aliyebaki. Tazama anafanya nini siku ya tatu, majirani wakiwa bado wanaleta chakula, na siku ya arobaini, majirani hao hao wanapobadilisha mazungumzo akiingia.

Kiswahili kina urithi wa kutosha wa kuzaa riwaya ya namna hii. Upande mmoja wako wapelelezi. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa, na kiko chake, akawa mtu wa nyumbani. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo (1965), kisha Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakaja na majasusi wao. Fumbo la vitabu hivyo liko nje: nani kaua, wapi, kwa silaha gani. Upande wa pili yuko Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na hatari yote imo kichwani mwake. Riwaya ya taharuki ya kisaikolojia inahitaji damu ya pande zote mbili. Nyingi ninazozisoma zina ya upande mmoja tu: mume kapotea, askari kaja, muuaji kakamatwa. Mke amelia mara tatu na hatujui hata siku moja alikuwa anawaza nini.

Chukua kivuko cha Busisi uone jinsi mahali panavyompima mwandishi. Enzi za kivuko, abiria wa mabasi walikuwa wakishuka, wanaingia chomboni kwa miguu, wanavuka Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, kisha wanatafuta basi lao upande wa Kigongo. Kati ya kushuka na kupanda tena kulikuwa na umati, wauza samaki na wauza mahindi. Mke aliyekaa dirishani akiangalia kiti cha pembeni kikibaki kitupu, kondakta akigonga bodi gari liondoke: hapo taharuki inajiandika yenyewe. Lakini tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, basi linapita moja kwa moja na hakuna anayeshuka. Mwandishi anayeweka kisa chake mwaka 2026 na bado anampotezea mume kwenye foleni ya kivuko hajafika huko. Akiwa hodari, atalitumia daraja lenyewe: mtu aliyezoea kuvuka kwa kusubiri sasa anavuka kwa dakika chache, na mkewe hana tena kisingizio cha kuchelewa kwake.

Mwalo wa wavuvi nao una mitego yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, maana mbalamwezi inawatawanya. Msimulizi akisema mumewe alikwenda kuvua dagaa usiku mwezi ukiwa mpevu, kuna mambo mawili. Ama mwandishi hajui, na kitabu kirudishe dukani, ama anajua sana, na mke huyo anatudanganya, au kadanganywa. Ukurasa kama huo, ukiandikwa kwa makusudi, una thamani kuliko bastola kumi. Tena wavuvi huhama kufuata samaki, leo kisiwa cha Kome, kesho Maisome, kwa hiyo ukimya wa wiki mbili hauna maana sawa kwa kila mke. Mwandishi mzuri anajua ni siku ya ngapi ukimya unageuka kuwa hofu katika nyumba hii mahsusi.

Sasa njoo kituo cha polisi, maana simu haipatikani na lazima RB, namba ya taarifa ya polisi, ichukuliwe. Askari anauliza swali la kawaida kabisa: mlikuwa mmegombana? Soma ukurasa huo polepole. Mke anajibu nini, na anaruka nini? Kisha linganisha na anavyomweleza mama mkwe, na anavyomweleza mganga, na anavyojisimulia mwenyewe usiku. Simulizi nne za ndoa moja zikipishana kidogo kidogo, kila moja kwa sababu inayoeleweka, uko mikononi mwa fundi. Gillian Flynn wa Marekani alifanya hivyo katika Gone Girl (2012): shajara ya mke inatushika mkono, baadaye tunagundua tulikuwa tunaongozwa. Ukirudia kurasa za mwanzo unakuta dalili zilikuwepo, wazi, tukazipita. Hicho ndicho kipimo changu kikubwa cha mageuko ya kisa. Siri inayoletwa na mhusika mpya kwenye sura ya mwisho ni wizi.

Je, lazima tujue aliyepotea alikwenda wapi? Hapana. Katika Desertion (2005) ya Abdulrazak Gurnah, Azad, mume wa Rehana, anasafiri kwa bahari na harudi tena. Uzito wa kisa unabaki kwa mwanamke ambaye si mjane wala si mke. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kudhania kifo baada ya miaka 5 bila habari, na ajabu ni kwamba waandishi wetu ninaowasoma hawaigusi. Fikiria mke anayehesabu kuelekea mwaka wa tano: anaomba arudi, au anaomba asirudi? Hapo pana riwaya nzima.

Jambo moja silivumilii: kulitumia Ziwa Victoria kama shimo la takataka. Watu wa ukanda huu walipoteza ndugu meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na tena kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Mwandishi anayemzamisha mume ukurasa wa mwisho ili amalize haraka, bila kutuonyesha maana ya kungoja ufukweni, hajastahili kuandika juu ya maji haya.

Kwa hiyo ukiwa dukani, fungua kitabu katikati, mahali pasipo askari wala mpelelezi. Tafuta aliyebaki akiwa peke yake na vitu vya mwenzake: shati, deni dukani kwa Mangi, chaja ya simu. Kama ukurasa huo unakushika, nunua. Nawe mwenye muswada wa namna hii, hasa uliyekulia Sengerema, Misungwi au visiwani, usiuache kabatini. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kundi la riwaya. Upeleke.