Programu ya bure iliyomjengea Karl Friston jina

Mwaka 2016 Semantic Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, ulimweka Karl Friston wa University College London nafasi ya kwanza kwa ushawishi miongoni mwa wanasayansi wa ubongo. Fahirisi yake ya h imepita 200. Maana yake, ana makala zaidi ya 200 ambazo kila moja imerejelewa na watafiti wengine si chini ya mara 200. Wako wanasayansi hodari wanaostaafu bila kufika 100.

Siri ya hesabu hiyo ni chombo cha kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Friston, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Uingereza mwaka 1959, alikuwa Hospitali ya Hammersmith, London. Mashine za PET zilikwisha kuonyesha jinsi damu inavyotembea ndani ya ubongo wa mtu aliye macho, lakini kila maabara ilisoma picha kwa namna yake. Mara nyingi watafiti walichagua eneo wanalolishuku, wakalizungushia mstari, wakapima hapo tu. Yaliyotokea kwingineko yaliwapita.

Friston na wenzake waligeuza utaratibu. Kwa kuwa vichwa vya watu havifanani, picha ya kila ubongo ilivutwa na kubanwa mpaka ilingane na ramani moja ya pamoja. Kisha ubongo mzima ukagawanywa katika vichembe vya umbo la mchemraba, vinavyoitwa vokseli, na kila kimoja kikafanyiwa hesabu ileile: je, damu iliongezeka hapa mtu alipofanya kazi aliyopewa? Majibu yakapakwa rangi juu ya picha. Ramani hiyo ya takwimu, kwa Kiingereza statistical parametric map, ndiyo iliyoipa programu yao jina lake, SPM.

Palikuwa na mtego. Ukipima vokseli 100,000 na kuruhusu kosa la asilimia 5, takribani 5,000 zitawaka kwa bahati tu. Mwanatakwimu Keith Worsley wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alisaidia kupata njia ya kurekebisha hesabu hiyo. Uzito wa marekebisho hayo ulionekana mwaka 2009, watafiti wa Marekani walipomweka samaki aina ya salmoni, tena aliyekufa, ndani ya mashine ya MRI na kumwonyesha picha za watu. Bila marekebisho, ubongo wa samaki "uliwaka". Walipoyaweka, ukazimika.

Tangu 1991 SPM ilitolewa bure, msimbo wake ukiwa wazi. Uamuzi huo ndio uliobeba kila kitu kilichofuata. Aliyeitumia aliandika hivyo katika makala yake na kurejelea kazi za walioitengeneza, awe anachunguza lugha, maumivu au usahaulifu wa uzeeni. Mwaka 2000 John Ashburner na Friston walieleza mbinu ya kulinganisha ujazo wa sehemu za ubongo vokseli kwa vokseli. Mwaka huohuo Eleanor Maguire na wenzake waliitumia kwa madereva 16 wa teksi wa London, waliokariri maelfu ya mitaa. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, ilikuwa kubwa kuliko ya watu 50 waliolinganishwa nao.

Nadharia ya Friston ya nishati huru, aliyoifafanua mwaka 2010 katika jarida la Nature Reviews Neuroscience, ilipata marejeo kwa njia nyingine. Inadai kwamba ubongo hubashiri kila mara na kujitahidi kupunguza mshangao. Wapo wanaoijengea hoja, na wapo wanaoipinga kwa kuwa ni pana mno kupimwa. Wote wanairejelea, na kila rejeo linahesabiwa moja.

Nacho chombo hakikukosa dosari. Mwaka 2016 Anders Eklund na wenzake walionyesha kwamba programu tatu maarufu, SPM ikiwamo, zingeweza katika mipangilio fulani kutoa majibu ya uongo hadi asilimia 70, mahali palipotarajiwa 5.

Kwa hiyo anayepima kazi ya mtafiti kwa marejeo aulize kwanza yametoka wapi: kwa waliotumia, waliokubali au waliobisha. Kwa Friston, sehemu kubwa imetoka kwa waliotumia. Hiyo ni heshima halali. Aliwapa wenzake njia moja ya kusoma ubongo, wakaweza kulinganisha matokeo kutoka maabara moja hadi nyingine.