Chuma cha Pembeni

Kisanduku cha mbao cha ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, kimeshachongwa na kuunganishwa, bado vyuma. Fundi, mzee wa Kigogo aliyehamia Bagamoyo, ameketi uani. Fuawe lake ni kipande cha reli. Anatia msumari mnene kwenye makaa, anaugonga mpaka upande mmoja uwe bapa, anaulaza kiganjani, anauangalia, anaurudisha motoni. Hana haraka nao.

Vyuma vikishabanwa juu ya kisanduku, ndipo kazi yenyewe huanza. Chuma kikivutwa nje, sauti hushuka. Kikisukumwa ndani, hupanda. Fundi hukigusa kwa nyundo ndogo, mara moja tu, hukipiga kwa kidole gumba, husikiliza. Kikizidi, hukirudisha. Kipimo chake ni koo lake mwenyewe: anaimba sauti anayoitaka, kisha anakileta chuma mpaka kiifikie. Palipobaki kidogo sana, hubandika nta chini ya ncha.

Tundu la kisanduku hufunikwa kwa utando wa mayai ya buibui. Huo ndio unaotoa mvumo ule wa kukwaruza. Mgeni hudhani spika imepasuka.

Hukwe Zawose, mpigaji wa ilimba aliyezaliwa Doduma, Dodoma, alikuwa na ilimba yenye vyuma zaidi ya 60. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, leo TaSUBa. Muziki wa Ugogo, nchi kavu ya kati, ukaota mizizi pwani jirani na ngoma za Wazaramo na sindimba ya Wamakonde. Zawose alifariki mwaka 2003, huku Bagamoyo, baada ya kupiga ilimba hiyo kwenye majukwaa ya Ulaya.

Kwamba muziki huunganisha watu tumehubiriwa hadi maneno yamechuja. Mimi naamini zaidi nikitazama ilimba kubwa, kwani vyuma vyake vingi havipigwi kabisa. Vimelinganishwa na vile vinavyopigwa, navyo hutetemeka vyenyewe mwenzao anapoguswa. Lakini havifiki hapo kwa mapenzi mema. Fundi huvihangaikia kimoja kimoja.

"Mzee, si kimeshakaa sawa?"

"Bado, mwanangu. Hiki cha pembeni hakijaitika."

Akakichomoa, akachukua tupa.